Mbwamwitu wa Yellowstone: Utajiri wa theluji unaokomea kwenye mpaka

KILA mwaka theluji inapofunika milima ya magharibi mwa Marekani, barabara nyingi za ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Yellowstone hufungwa kwa magari ya kawaida. Inayosalia wazi mwaka mzima ni moja tu, ile itokayo katika mji mdogo wa Gardiner, jimbo la Montana, na kukata Bonde la Lamar hadi Cooke City.

Kando ya barabara hiyo, kabla jua halijachomoza, vikundi vya watalii husimama wakiwa wamejifunika makoti mazito, darubini zao zikiwa zimesimikwa juu ya vigingi vya miguu mitatu. Hawakuvumilia baridi inayoweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sufuri kwa ajili ya chemchemi za maji moto zilizoipa mbuga hiyo sifa. Wamekuja kumtafuta mbwamwitu.

Mnyama huyo asichanganywe na mbwamwitu wa Afrika mwenye mabaka, ambaye wakazi wa Laikipia wanamfahamu. Huyu wa Marekani ana umbo kubwa zaidi, manyoya yake ni ya kijivu au meusi, na ni wa ukoo mmoja na mbwa wafugwao nyumbani.

Biashara ya kuwaongoza watalii kumtazama mnyama huyo wakati wa baridi imekuwa tegemeo la watu wengi katika miji iliyo kwenye lango la kaskazini la Yellowstone. Hata hivyo, biashara hiyo imesimama juu ya msingi ambao waongozaji wenyewe hawana mamlaka nao. Mbwamwitu anayelindwa na serikali ya shirikisho asubuhi anaweza kuuawa kihalali jioni, mradi tu awe amevuka mstari ambao yeye hauoni.

Ni kwa nini watalii huja wakati wa baridi? Theluji nyingi milimani huwasukuma kulungu wakubwa waitwao elk kuteremka mabondeni kutafuta malisho, nao mbwamwitu huwafuata. Mnyama mweusi aliye juu ya theluji nyeupe huonekana kutoka mbali. Isitoshe, Februari ni mwezi wa kujamiiana, hivyo makundi hutembea sana na milio yao husikika mara kwa mara.

Waongozaji hao hawaruhusiwi kufanya kazi bila kibali cha wasimamizi wa mbuga. Sheria inamtaka kila mgeni akae umbali usiopungua mita 91 kutoka kwa mbwamwitu au dubu, na ni kosa kuigiza mlio wa mnyama ili kumvuta. Kazi ya mwongozaji basi si kumleta mnyama kwa mgeni, bali kumfundisha mgeni subira na mahali pa kuelekeza macho.

Itakumbukwa kwamba miaka 35 iliyopita biashara hii isingewezekana. Yellowstone ilitengwa kuwa mbuga mwaka 1872, lakini kwa miongo kadhaa serikali iliwaona mbwamwitu kuwa maadui, na wa mwisho waliojulikana ndani ya mbuga waliuawa mwaka 1926. Kwa takriban miaka 70 bonde la Lamar halikuwa na kundi hata moja.

Mwaka 1995 mbwamwitu 14 walisafirishwa kutoka mkoa wa Alberta, Canada, na mwaka uliofuata wengine 17 wakaletwa kutoka British Columbia. Walizaana kwa kasi, na kufikia mwaka 2003 idadi yao ndani ya mbuga ilikuwa 174. Baadaye ilipungua kutokana na maradhi, uhaba wa mawindo na mapigano baina ya makundi, na kwa miaka mingi tangu hapo imekuwa ikielea karibu na mia moja.

Faida zake zilianza kuhesabiwa mapema. Utafiti ulioongozwa na mwanauchumi John Duffield wa Chuo Kikuu cha Montana, uliotumia takwimu za mwaka 2005, ulikadiria kwamba wageni waliokuja kwa sababu ya mbwamwitu walikuwa wakitumia takriban Dola 35.5 milioni kwa mwaka katika majimbo ya Montana, Wyoming na Idaho. Kwa miji ambayo zamani ililala usingizi baada ya msimu wa kiangazi, mapato ya wakati wa baridi ni baraka isiyopuuzwa.

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtalii hutazama kwa darubini kisha hupanda ndege na kurudi kwao. Mfugaji anayepakana na mbuga ndiye anayeamka kukuta ndama au kondoo wake ameraruliwa. Montana ina bodi inayolipa fidia kwa mifugo iliyouawa, lakini ni lazima ithibitishwe kwamba muuaji ni mnyama anayetajwa katika sheria, na mzoga usioonekana haulipwi.

Wawindaji wa elk nao wana malalamiko yao. Hesabu ya elk wa kaskazini mwa Yellowstone ilikuwa takriban 19,000 mwaka 1994, lakini mwaka 2013 ilishuka chini ya 4,000. Wanasayansi wanataja sababu kadhaa, wakiwemo dubu, simba wa milimani, ukame na uwindaji wa binadamu wenyewe. Hata hivyo, mbwamwitu ndiye aliyebebeshwa lawama kubwa zaidi.

Hasira hiyo ilipata mlango mwaka 2011, Bunge la Marekani lilipowaondoa mbwamwitu wa Montana na Idaho katika orodha ya wanyama walio hatarini. Usimamizi wao nje ya mbuga ukawa mikononi mwa majimbo, na uwindaji ukaruhusiwa. Wyoming ilifuata mwaka 2012, na baada ya mvutano wa mahakamani ikarejeshewa mamlaka hayo mwaka 2017.

Matokeo yalionekana upesi. Desemba 2012, mbwamwitu wa kike aliyesajiliwa kama 832F, ambaye huenda ndiye aliyekuwa maarufu kuliko wote duniani wakati huo, alipigwa risasi katika jimbo la Wyoming nje ya mpaka wa mbuga. Alikuwa na mkanda wa redio shingoni uliowawezesha watafiti kufuatilia nyendo zake. Novemba 2018, bintiye, 926F, aliuawa kwa njia iyo hiyo karibu na Cooke City. Vifo vyote viwili havikuvunja sheria yoyote.

Hata hivyo, msimu uliotikisa biashara ya waongozaji zaidi ni ule wa 2021 na 2022. Montana, iliyokuwa ikiruhusu mnyama mmoja tu auawe katika kila moja ya maeneo mawili yanayopakana na mbuga upande wa kaskazini, iliondoa vikomo hivyo. Kufikia mwisho wa msimu, mbwamwitu 25 wa Yellowstone walikuwa wameuawa baada ya kutoka nje, 19 kati yao wakiwa ndani ya Montana. Kundi la Phantom Lake lilitoweka.

Msimamizi wa mbuga, Cam Sholly, alimwandikia Gavana wa Montana, Greg Gianforte, akimtaka asimamishe uwindaji katika maeneo hayo. Gavana alikataa. Gianforte mwenyewe alikuwa amemnasa kwa mtego na kumuua mbwamwitu wa Yellowstone aliyevaa mkanda wa redio mnamo Februari 2021, na akapewa onyo la maandishi kwa kutohudhuria mafunzo yanayotakiwa ya utegaji.

Ni haki kusikiliza hoja ya jimbo. Montana pekee ina takriban mbwamwitu 1,100, na kuuawa kwa 25 hakuwezi kuangamiza spishi nzima. Maafisa wake wanashikilia kwamba mnyama akishatoka mbugani si mali ya mbuga, na kwamba wakazi wana haki ya kumwinda kama wanavyowinda elk.

Kwa hesabu ya spishi, hoja hiyo ina mashiko. Udhaifu wake unajitokeza katika hesabu ya riziki. Mwongozaji wa Gardiner hauzi mbwamwitu 1,100 waliotawanyika katika misitu ya jimbo zima. Anauza makundi machache yanayoonekana kutoka barabara moja, na kundi likisambaratika, msitu wa mbali hauwezi kumfidia.

Sayansi inaunga mkono wasiwasi huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watu waliwaona mbwamwitu kwa asilimia 45 zaidi huko Yellowstone pale ambapo hakuna mnyama wa makundi husika aliyekuwa amewindwa. Mwingine wa mwaka 2023, uliohusisha mbuga kadhaa za Marekani, ulibaini kwamba kundi lililompoteza kiongozi wake kwa mkono wa binadamu lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuvunjika.

Hata hivyo, sekta ya utalii nayo haiwezi kunawa mikono. Mnyama aliyezoea kuona watu wamejipanga barabarani miaka nenda miaka rudi bila kumdhuru hujifunza kutowaogopa. Akivuka mpaka, yule aliyesimama na darubini na yule aliyesimama na bunduki kwake ni mmoja. Mwaka 2009 wasimamizi wa mbuga walilazimika kumuua mbwamwitu aliyekuwa amezoea chakula cha binadamu, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea tangu wanyama hao warejeshwe. Kanuni ya mita 91 basi haimlindi mgeni pekee.

Kejeli kubwa zaidi imo katika kalenda. Msimu wa uwindaji Montana huanza Septemba na kuendelea hadi katikati ya Machi. Ni majira hayo hayo ambapo mbwamwitu huonekana vizuri zaidi, na ambapo elk wanaoteremka huwavuta hadi nje ya mbuga. Hivyo theluji inayomletea mwongozaji wageni ndiyo inayompelekea mwindaji windo.

Wakenya hawana haja ya kwenda mbali kuuelewa mvutano huu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ilhali Tanzania inauruhusu kwa leseni. Tembo dume wa Amboseli wenye pembe ndefu, ambao watalii huwapiga picha upande huu, waliuawa na wawindaji upande wa pili mwaka 1994, na wengine wakauawa kati ya 2023 na 2024. Huko pia sheria haikuvunjwa, na huko pia waliopoteza hawakuwa na kura mezani.

Agosti 2022 Montana ililegeza kamba kidogo na kuweka kikomo cha mbwamwitu sita katika maeneo ya mpakani. Mahakamani nako mambo hayajatulia. Shirika la shirikisho la wanyamapori lilikataa Februari 2024 ombi la kuwarejeshea mbwamwitu wa magharibi ulinzi, lakini Agosti 2025 Jaji Donald Molloy alibatilisha uamuzi huo na kuagiza suala liangaliwe upya.

Lakini amri ya jaji, kama ilivyo ya gavana, huweza kugeuzwa na ijayo. Kinachokosekana ni daraja kati ya mfuko wa mtalii na zizi la mfugaji. Sehemu ndogo ya mapato ya safari za baridi ikitengwa kulipia ndama waliopotea na wachungaji wa ziada, huku vikomo vya uwindaji mpakani vikidumishwa, mfugaji atakuwa na sababu ya kumwacha mbwamwitu apite.

Bila hilo, pande mbili zitaendelea kugombania mnyama mmoja, na waongozaji wa Lamar watazidi kuwaonyesha wageni wao bonde jeupe lisilo na nyayo.