Kitufe cha Kuruka Wimbo: Nani Kawaambia Tuna Haraka?

Naungama mapema ili tusisumbuane baadaye. Mimi, mtu mzima, mwandishi wa programu ninayelipwa kupunguza sekunde, napenda nyimbo za kufungulia vipindi vya runinga. Si kidogo. Kazi ikigoma natia eafoni masikioni na kusikiliza ala za MacGyver alizozitunga Randy Edelman, kisha za Derrick, yule mpelelezi Mjerumani asiyecheka, kisha wimbo wa Kihispania wa The Rich Also Cry ambao sielewi hata neno moja. Mwenzangu akipita nyuma ya kiti changu nafungua haraka dirisha lingine, kana kwamba nimefumaniwa.

Leo nimechoka kuficha. Kilichonichosha ni aibu niliyoipata Homa Bay Desemba iliyopita.

Mjomba wangu ana kanda za VHS alizorekodi kutoka KBC miaka ya 90: Vitimbi, Vioja Mahakamani, Tausi. Nilizigeuza kuwa faili, nikaziweka kwenye tarakilishi ndogo iliyounganishwa na runinga ya sebuleni. Na kwa vile sisi watu wa msimbo hatujui kuacha kitu kilivyo, nikaongeza programu ya kuutambua wimbo wa mwanzo na kuuruka yenyewe, bila mtu kugusa chochote. Jioni ya kwanza mjomba akachagua Vitimbi. Mzee Ojwang' akatokea papo hapo, tayari anafoka. Nikakaa nikingoja sifa.

Mke wa mjomba alikuwa jikoni akikaanga samaki. Dakika kumi baadaye akaingia na mwiko mkononi. "Kwani mmeanza? Mbona sijasikia wimbo?"

Mjomba hakumjibu. Alinitazama mimi. "Mpwa wangu, hiki kitu chako kinaingia nyumbani kwa watu bila kupiga hodi."

Hapo ndipo ubishi wangu unapoanzia. Wenzangu katika kazi hii wanauona wimbo wa mwanzo kama pambo, mafuta ya kukatwa ili nyama ibaki. Nasema wamekosea. Wimbo ni hodi, na hodi haipigwi kwa ajili ya aliye mlangoni tu. Inapigwa ili aliye jikoni na aliye shambani naye asikie.

Ngoja nieleze programu yenyewe inavyofanya kazi, maana ndani yake mna kichekesho. Inachukua sauti ya sehemu moja ya kipindi, inaikata vipande vidogo vidogo, inapima katika kila kipande ni masafa gani ya sauti yaliyo na nguvu, kisha inaandika matokeo kama safu ya namba. Hiyo ndiyo alama ya kidole ya sauti. Mimi nilitumia Chromaprint, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Baada ya hapo inafanya vivyo hivyo kwa sehemu nyingine na kulinganisha. Kipande kirefu kinachofanana kotekote ndicho wimbo. Kwa hiyo mashine inautambua wimbo kwa sababu unajirudia, halafu inautupa kwa sababu hiyo hiyo! Sisi tuliutambua kwa sababu hiyo hiyo tukaukimbilia.

Nimekulia upande wa Awendo, karibu na kiwanda cha sukari cha SONY, wakati wilaya ya Migori ilikuwa ndiyo kwanza inatengwa na Nyanza Kusini. Bomani kwetu hapakuwa na umeme. Runinga ilikuwa moja, Great Wall isiyo na rangi, kwa mwalimu mmoja mstaafu, na iliendeshwa kwa betri ya gari. Betri ilipelekwa sokoni kwa baiskeli kuchajiwa, kwa hiyo chaji ilikuwa mali. Mwalimu hakuwasha mapema ili tupige gumzo. Aliwasha dakika ya mwisho, akafungua sauti yote, na ala zikavuka ua wa minyaa hadi boma la tatu. Hapo ndipo mtoto alipofunga ndama, akanawa miguu juu juu na kutimua mbio. Wimbo ulipokwisha, sote tulikuwa tumeketi sakafuni. Hakuna aliyekuwa na saa.

Homa Bay mjini, nilikokwenda likizo kwa mjomba, umeme ulikuwepo lakini kituo tulichokipata kilikuwa kimoja tu, KBC. Ukitumwa mkate dukani jioni, wimbo unaanza uko njiani. Haidhuru. Dirisha hili linakukabidhi kwa dirisha lile, na unafika mlangoni hujapoteza hata noti moja.

Sasa tuje kwa wakubwa. Netflix walileta kitufe cha kuruka mwanzo mwaka 2017. Machi 2022 wakatangaza kwamba kwa siku ya kawaida kinabofywa mara milioni 136, na kwamba watazamaji kwa jumla huokoa miaka 195. Nilifanya hesabu: miaka 195 ukiigeuza sekunde na kuigawa kwa mibofyo hiyo, unapata kama sekunde 45 kwa kila mbofyo. Sekunde 45! Ndizo zile zile za kufunga ndama na kukimbia. Halafu nauliza: hiyo miaka 195 iliyookolewa kila siku, imewekwa wapi? Nani amerudishiwa yake akaenda kumsalimia mama yake? Imeliwa na sehemu inayofuata, ambayo nayo huanza yenyewe kabla hujapata rimoti.

Najua mtakayosema. La kwanza: anayetazama sehemu sita usiku mmoja, kumpigia wimbo ule ule mara sita ni adhabu. Kweli kabisa. Abofye. Kitufe ni hiari ya mtu, na mimi mwenyewe hukibofya. Ninachopinga ni kile nilichokifanya kwa mjomba: kuruka wenyewe, bila kuuliza, kana kwamba chumba kina mtu mmoja na mtu huyo ana haraka. Tunapoandika programu tunamhesabu aliyeshika rimoti. Aliye jikoni hana akaunti, kwa hiyo hayupo. Ndivyo tulivyomfuta mke wa mjomba, na wala hatukukusudia.

La pili linachoma zaidi: nyimbo za Wamarekani, Wajerumani na Wameksiko zinakuhusu nini wewe mtoto wa Awendo? Je, si kutawaliwa akili huku? Nimelifikiria sana hili. Jibu langu ni kwamba tusione aibu ya kuzipenda, tuone aibu ya jambo lingine. Naweza kukutajia kwamba ala za The A-Team ni za Mike Post na Pete Carpenter, kwa sababu kwao jina la mtunzi linaandikwa, linahifadhiwa na kulipwa. Mwulize Mkenya yeyote aliyekua na KBC akutajie nani alitunga ala za Vitimbi au Vioja Mahakamani. Atakuimbia kuanzia mwanzo hadi mwisho, ila jina hatalitaja. Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wetu, alipofariki mwaka 2015, nchi nzima ilimlilia. Charles Bukeko, Papa Shirandula, mwaka 2020, vivyo hivyo. Waliopiga magitaa na kinanda nyuma yao tutawalilia vipi, ikiwa hatukuwahi kusoma majina yao?

Na majina yale yanapatikana wapi? Mwanzoni na mwishoni mwa kanda, pale pale tunapopakata. Nimekuta vipindi vingi vya zamani mtandaoni vimenyolewa kichwa na mkia ili faili iwe nyepesi. Kwenye kanda za mjomba majina yanapita kwa sekunde chache, yamejaa chenga, lakini yanasomeka. Hayatasomeka milele. Utepe wa sumaku huchakaa, na Funai, kampuni ya Japani iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha Julai 2016. Mwaka mmoja kabla, matangazo ya analogi yalikuwa yamezimwa Kenya, na Great Wall kama ile ya mwalimu, bila king'amuzi, zikabaki makasha ya kuwekea vitambaa. Wanaotengeneza vifaa hawatatungoja.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa msimbo mambo matatu. Moja, kuruka wimbo kusiwashwe hadi mwenye nyumba aombe. Mbili, ukigeuza kanda kuwa faili, usikate mwanzo wala mwisho, hata kama ni dakika nzima ya chenga. Diski siku hizi ni rahisi, wimbo uliopotea haununuliki. Tatu, ukiona jina la mwanamuziki, liandike ndani ya faili yenyewe, kwenye sehemu ya maelezo, si kwenye kijitabu utakachokisahau.

Mimi nilianza kwangu. Ilikuwa kazi ya kubadilisha neno moja kwenye faili ya mipangilio. Jioni ya pili mjomba alichagua Vitimbi tena, ala zikaanza, na kutoka jikoni nikasikia sufuria ikiepuliwa.

Wewe una kanda gani nyumbani, na nani ndani ya nyumba anajua zilipo? Mwulize kabla ya Krismasi. Na ukinikuta na eafoni masikioni, subiri wimbo uishe ndipo uniguse bega. Sitafungua dirisha lingine tena.