Machozi ya Mshindi

Wako watu wasemao kuwa mwanamume halii, wala mwanamke hashindani. Neno hili nalipinga. Mashahidi wangu watoka Japani, katika Yu-Gi-Oh! Duel Monsters, katuni ya mapambano ya karata iliyoonyeshwa huko toka mwaka 2000 hata 2004.

Yugi ni mdogo wa umbo na mpole wa tabia. Katika pambano la mwisho humshinda Farao, rafiki ambaye roho yake ilikaa naye. Kisha hulia, maana ushindi huo ndio utakaowatenga. Je, uanaume wake umepungua? La, umetimia.

Mai Kujaku naye hukabili wanaume bila hofu. Hapo mwanzo alizitia karata zake manukato mbalimbali apate kuzitambua bila kuzitazama. Jonouchi akaigundua hila hiyo, akamshinda. Baadaye wakawa marafiki. Kilichostahili lawama ni hila, si uanamke wake.

Lakini katuni hii nayo ina kosa. Anzu, msichana atamaniye kwenda New York kujifunza dansi, mara nyingi huwekwa kando awashangilie wavulana. Haki aliyopewa Mai, mbona Anzu akapunjwa?

Vijana, msimcheke mvulana aliaye, wala msimwite jikedume msichana ashindaye. Huruma na ushujaa ni mali ya wanadamu wote. Azigawaye kwa jinsia huwanyima wavulana moyo, na wasichana uwanja.