Tusome Kipimo Kabla ya Kumlipa Fundi



Mwaka jana sisi wa tawi la Port Bell tulichanga fedha, tukanunua vifaa vya kompyuta kimoja kimoja na kuviunga wenyewe nyumbani kwa mwenzetu, ili daftari la ada za wanachama lisiendelee kuliwa na mchwa. Kazi ya kuunga waliifanya vijana wawili wa zamu ya usiku. Mashine ilikwenda vizuri mpaka siku mmoja wetu alipofungua programu ya kuonyesha joto na kukuta namba 127. Tukaipeleka kwa fundi mjini. Naye akaitazama namba ileile, akatikisa kichwa, akasema prosesa imeungua, tulete fedha ya nyingine. Mkutanoni wakatokea wenzetu waliotaka vijana wale walipe kutoka mishahara yao.

Sisi tunapinga, na sababu zetu ni hizi.

Hapa Port Bell tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya chai huchemka kwenye digrii 96 hivi za sentigredi. Prosesa yenye digrii 127 isingekuwa inatuandikia majina ya wanachama. Prosesa za siku hizi zina kinga ndani yake: ikifika kikomo chake, ambacho kwa nyingi za Intel za mezani ni digrii 100, hupunguza mwendo yenyewe, na joto likizidi huzima mashine. (Tunawajua wasimamizi ambao hawajamruhusu binadamu kufanya hivyo.)

Basi ile 127 ilitoka wapi? Ubao mkuu wa kompyuta una nafasi kadhaa za vipimajoto, na mtengenezaji huacha nyingine wazi. Programu haijui kwamba hapo hapana kitu. Husoma nafasi tupu na kuandika namba ya uongo, na 127 ni mojawapo ya zile zinazoonekana mara nyingi. Fundi wetu alisoma kipimo kisichokuwapo.

Wenzetu wa viwanda vya chai wanalielewa jambo hili. Mashine ya kukaushia ina kipimajoto pale hewa moto inapoingia na kingine pale inapotoka. Namba mbili mbalimbali, zote za kweli, na anayezichanganya huunguza chai. Kwenye kompyuta pia lazima ujue unasoma kipimajoto kipi, cha prosesa yenyewe au cha ubao.

Hata cha prosesa yenyewe kina mambo yake. Mwaka 2017 AMD walitoa Ryzen 7 1700 na 1700X. Hiyo ya pili ilionyesha digrii 20 zaidi ya joto lake halisi, kwa kuwa watengenezaji waliziongeza kwa makusudi ili feni ziendeshwe kwa namna moja. Ryzen 7000 za mezani zilizotoka mwaka 2022, zile zenye nguvu, zilikusudiwa kufika digrii 95 kwenye kazi nzito bila kudhurika. Nazo za Intel hupima kwa kuhesabu digrii ngapi zimebaki kufikia kikomo, hivyo husema kweli zaidi zikiwa moto kuliko zikiwa zimepumzika. Kwa hiyo namba peke yake, bila kujua ni prosesa gani na inafanya kazi gani, haitoshi kumhukumu mtu.

Tuliirudisha mashine tukapima upya. Chumba kilikuwa na digrii 27, prosesa ikipumzika 45, na ikipewa kazi nzito ikapanda hadi 88. Hapo tukakubali kwamba kasoro ipo, ingawa si ile tuliyoambiwa. Tulipofungua sanduku tulikuta mapezi ya kipozeo yamezibwa na vumbi na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi, maana sanduku lilikaa sakafuni chini ya dirisha linaloelekea ziwa. Tena hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya kumi, na feni ileile huondoa joto kidogo zaidi hapa. Tukasafisha, tukapaka upya ile dawa ya kijivu kati ya prosesa na kipozeo, tukaweka sanduku juu ya meza. Kazi ileile, chumba kilekile, ikasimama kwenye 71.

Fedha ya prosesa ingali kwa mweka hazina. Katika mkutano ujao tutaomba hoja ya kuwatoza vijana iondolewe, na sehemu ya fedha hiyo inunue wavu wa dirisha, kipimajoto cha ukutani na daftari la kuandika joto la chumba na la prosesa kila Jumamosi. Vijana wale wamekubali kuliandika.