Kabla ya kununua homu thieta, mpe muuzaji mgongo

Ukipita Barabara ya Luthuli hapa Nairobi utaona makatoni ya homu thieta yamepangwa hadi mlangoni. Mengine yameandikwa wati 5,000, mengine hata 10,000, na pembeni herufi PMPO. Hebu tupige hesabu kidogo. Plagi zetu ni za ampea 13 na umeme wetu ni volti 240. Zidisha, unapata wati 3,120. Huo ndio mwisho wa plagi moja. Sasa hizo 10,000 zinatoka wapi?

PMPO haina kanuni moja ya kuipima, kwa hiyo mtengenezaji huandika anavyopenda. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Kikisema inakula wati 80, basi haiwezi kutoa wati 5,000 mfululizo. RMS ni afadhali, lakini hata hiyo haisemi kama sauti ni safi. Tena ukiongeza nguvu maradufu unapata desibeli 3 tu zaidi, tofauti ambayo sikio huiona ndogo.

"Basi sikiliza mwenyewe," utaambiwa. Nakubali, ila si vile tunavyosikilizishwa dukani. Wimbo kachagua muuzaji, rimoti anayo yeye, na seti anayotaka kukuuzia ataipandisha kidogo. Masikio yetu hudhani kilicho juu zaidi ndicho bora. Macho nayo hudanganya. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive walichapisha jaribio ambalo watu walipima spika zilezile bila kuziona, kisha wakiziona. Walipoziona, alama walizotoa zilibadilika. Spika ni zilezile!

Sisi tunaoandika programu tuna desturi: ukitaka kujua ni nini kimeleta tofauti, badilisha kitu kimoja tu, vingine viache vilivyo. Fanya hivyohivyo dukani:

1. Beba flashi yako yenye nyimbo unazozijua vizuri, na kipande cha filamu uliyokwisha kuitazama.

2. Seti zote mbili ziwe na sauti sawa. Shika rimoti wewe.

3. Mwombe rafiki abadilishe seti huku umezipa mgongo. Mrudie mara kadhaa. Kama chaguo lako linabadilika kila mara, chukua ya bei nafuu.

4. Usisikilize besi peke yake. Sikiliza watu wakiongea. Katika mfumo wa 5.1 mazungumzo mengi hutoka kwenye spika ya katikati, na hiyo ikiwa dhaifu utaongeza sauti wakati wa maneno na kuipunguza wakati wa milio ya risasi, usiku mzima.

Kuna watakaosema hizi ni mbwembwe, mteja wa kawaida hana muda. Mimi naona kinyume. Mwenye pesa nyingi akikosea atanunua nyingine. Aliyeweka akiba miezi minane ndiye anayehitaji hizo dakika ishirini kuliko mtu yeyote.

Na muuzaji akikataa usijaribu hivyo? Mshukuru, kisha nenda duka la pili. Luthuli haina uhaba wa maduka.