Kura ni siri, lakini hesabu si siri: Mashindano ya talanta yatuonyeshe mizani

Kila fainali ya shindano la vipaji ikiisha runingani, hukumu ya mtaani hutoka kabla mshindi hajamaliza kulia. "Hiyo ilipangwa." Nimeisikia Makutano hapa Meru, na nimeisikia stejini Embu tukingoja matatu ijae. Jaji alikula kitu kidogo. Mshindi ni wa kwao na mdhamini. Kura zilikuwa geresha. Hakuna anayeleta ushahidi na hakuna anayeuitisha, maana neno "imepangwa" siku hizi kwetu ni kama salamu.

Sasa wasee, hebu tuongee kama watu wazima. Mimi siamini kwamba jaji anayekaa kwenye kiti chekundu na kukunja uso ndiye shida. Yeye ndiye anayeonekana, basi yeye ndiye hubeba lawama. Kama kuna mchezo unaochezwa, unachezwa mahali pawili ambapo kamera haifiki: kwenye mchujo wa kwanza kabisa na kwenye hesabu ya kura. Na huko ndiko hatuulizi swali hata moja.

Tuanze na Tusker Project Fame, ile tuliyoitazama tukiwa watoto wa shule ya msingi, tukikatazwa kulala kwa sababu nyumba nzima iko macho. Ilianza 2006 na ikaenda misimu sita. Kila mtu alikuwa na maneno kumhusu Ian Mbugua, jinsi alivyokuwa mkali akiwa na wenzake Juliana Kanyomozi wa Uganda na Hermes wa Tanzania. Watu waliapa kwamba anawachukia fulani na kuwabeba fulani. Na kwa kuwa mdhamini alikuwa kampuni ya bia ya hapa na akademia yenyewe ilikuwa Nairobi, minong'ono ilikuwa kwamba Mkenya lazima abebwe.

Haya, tuhesabu. Msimu wa kwanza alishinda Valerie Kimani, Mkenya. Mwaka wa 2008 Esther Nabaasa wa Uganda. 2009 Alpha Rwirangira wa Rwanda. 2010 Davis Ntare wa Uganda tena. 2012 Ruth Matete wa Kenya. 2013 Hope Irakoze wa Burundi. Misimu sita, Wakenya wawili. Kama kulikuwa na mtu amekaa ofisini akimpangia Mkenya ushindi, basi huyo mtu alikuwa mbaya sana kazini na angestahili kufutwa.

Njoo 2019, East Africa's Got Talent. Dola 50,000 zilienda kwa ndugu wawili watoto kutoka Uganda, Esther na Ezekiel Mutesasira. Mtaani tukasikia: "Si jaji wao Gaetano alikuwa hapo?" Ndiyo, Gaetano Kagwa alikuwa hapo. Lakini pia Jeff Koinange wetu alikuwa hapo, Vanessa Mdee wa Tanzania alikuwa hapo, na Makeda wa Rwanda alikuwa hapo. Kila nchi ilikuwa na mtu wake mezani. Ukisema wa Uganda alibeba wake, utaniambia hao wengine watatu walikuwa wamelala?

Kwa hivyo hadithi ya jaji aliyehongwa mara nyingi haisimami ukiisukuma kidogo. Lakini usifurahi mapema, wewe unayefanya kazi kwenye stesheni. Orodha ya washindi kutoka nchi tofauti haithibitishi kwamba hesabu ilikuwa safi. Inathibitisha tu kwamba uvumi wetu ulikuwa mvivu.

Mahali pa kwanza ni mchujo. Katika mashindano makubwa ya aina hii duniani, si siri tena kwamba watayarishaji huwasikiliza watu kwanza, kisha wachache tu ndio hupelekwa mbele ya majaji mashuhuri. Lazima iwe hivyo, kwa sababu majaji wanne hawawezi kusikiliza foleni ya watu elfu moja. Shida ni kwamba sisi tulio nyumbani huonyeshwa foleni, kisha tunaonyeshwa jaji, tukidhani kila aliyekuwa kwenye foleni alifika kwa jaji.

Niliwahi kumsindikiza rafiki yangu mmoja, msichana wa kutoka upande wa Nkubu, kwenye mchujo wa shindano ambalo sitalitaja. Tulitoka Meru usiku na kufika Nairobi asubuhi na mapema. Mamake alikuwa ameuza kuku wanne ili kupata nauli. Tulipanga foleni hadi saa nane mchana. Akaingia kwenye chumba chenye kijana mmoja mwenye kalamu na fomu, akaimba kama sekunde arobaini, akaulizwa anatoka wapi na "hadithi yake ni gani". Akasema hana hadithi, anaimba tu. Akaambiwa asante. Majaji hakuwaona hata kwa dirisha. Nilipokitazama kipindi wiki kadhaa baadaye, wale wawili waliotoka kwetu walioonyeshwa walikuwa wa kuchekwa, na lafudhi ya Kimeru ndiyo iliyokuwa kichekesho chenyewe.

Je, hiyo ni kupanga matokeo? Hakuna pesa iliyobadilisha mikono. Lakini mtu aliamua nani aonekane msanii na nani aonekane kituko, na uamuzi huo haukuwa na jina wala alama.

Na usidhani haya ni maneno ya mtu wa kijijini mwenye uchungu. Uingereza walifanya uchunguzi wao. Mwezi Mei 2008, mdhibiti wa utangazaji Ofcom aliipiga ITV faini ya pauni milioni 5.675 kwa mambo yaliyofanyika kwenye vipindi ambavyo watazamaji walilipia kupiga simu. Kwenye kimojawapo, kile cha Ant na Dec, watu waliodhani wanachaguliwa kwa bahati nasibu walikuwa wanachaguliwa kwa kuangaliwa wana uchangamfu kiasi gani runingani na wanaishi wapi. Soma hapo tena. Wanaishi wapi.

Mahali pa pili ni kura, na hapa Wakorea wana somo letu. Julai 2019, stesheni ya Mnet ilimaliza shindano la Produce X 101, la kuchagua vijana kumi na mmoja wa kuunda bendi. Matokeo yakawekwa wazi, kura za kila mmoja. Mashabiki, watoto wa rika letu wenye simu na muda, wakaanza kutoa na kugawanya. Wakagundua kwamba tofauti ya kura kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa 29,978. Kati ya wa tatu na wa nne, 29,978. Ikajirudia mara tano. Hesabu za bahati hazijirudii hivyo, hata ukiomba Mungu.

Wakapiga kelele hadi polisi wakaingia. Novemba mwaka huo mtayarishaji Ahn Joon-young akakamatwa, na Mei 2020 mahakama ya Seoul ikamfunga miaka miwili. Mkuu wake Kim Yong-bum akapata mwaka mmoja na miezi minane. Bendi yenyewe ilikuwa tayari imevunjwa.

Lakini angalia walivyonaswa. Hakuna jaji aliyetubu na hakuna bahasha iliyopatikana chini ya meza kwanza. Walinaswa kwa sababu namba zilikuwa mbele ya watu. Kama Mnet ingesoma tu jina la mshindi na kurusha vipande vya karatasi hewani, wale vijana wangebaki wakisema "imepangwa" kama sisi, na hakuna mtu angefungwa.

Sasa nikuulize wewe: unamkumbuka mshindi gani wa shindano la runinga hapa kwetu? Bila shaka unalikumbuka jina. Unaikumbuka hundi kubwa kama mlango. Haya, nitajie alipata kura ngapi. Wa pili alipata ngapi? Unaona?

Na hizo kura tunazilipia. Ni SMS inayokata kredo, au ni pesa kwa simu. Mengine humruhusu mtu mmoja kupiga kura mara nyingi kadiri ya doo alizo nazo. Hiyo si kura, hiyo ni harambee. Mwenye mjomba Marekani anashinda, mwenye kijiji kizima chenye simu zisizo na kredo anarudi nyumbani. Na hata harambee ina adabu kuliko hii, kwa sababu kwenye harambee mshereheshaji husimama na kusoma: fulani, elfu mbili, fulani, mia tano. Mwishoni jumla inatangazwa na kila mtu anaisikia.

Sisi wa Meru na Embu hatustahili kufunzwa jambo hili na mtu. Nyanya yangu hakusoma, lakini amepeleka majani chai kwenye kituo miaka yote. Karani akiweka gunia kwenye mizani, yeye hasogei. Anaangalia namba, anajua gunia lenyewe limekatwa uzito gani, anachukua karatasi yake na kuifunga kwenye kitambaa. Karani anaweza kuwa jirani yake, wanaabudu kanisa moja, lakini karatasi lazima ipatikane. Si kwamba anamwona mwizi. Ni kwamba bila karatasi hata karani mwaminifu hana cha kumtetea.

Nchi nzima ilijifunza somo hilo hilo 2022. IEBC iliweka mtandaoni fomu 34A za vituo vya kura zaidi ya elfu 46, na vijana wakakaa usiku wakijumlisha wenyewe. Watu hawakukubaliana, kesi ikaenda hadi Mahakama ya Juu, lakini angalau ubishi ulikuwa na karatasi ya kushika. Kura yako ni siri. Hesabu haijawahi kuwa siri. Kama tunaweza kuwekewa fomu za kumchagua rais, fomu za kumchagua mwimbaji zina uzito gani?

Wenye vipindi watasema kwamba wakitoa namba wataua msisimko. Basi wazitoe baada ya fainali. Watasema namba zitamwaibisha aliyepata kura chache. Basi wampe kila mshiriki zake mkononi, na umma upewe jumla na za wale wa fainali. Watasema, "Hii ni burudani tu." Sawa, mieleka ya WWE pia ni burudani, tunajua imeandikwa na tunaitazama tukishangilia. Lakini hakuna anayenikata kredo akiniambia kura yangu ndiyo itaamua nani aanguke. Ukishachukua pesa yangu kwa jina la kura, umeniuzia kitu. Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari kuhusu anachonunua. Kura ya kulipia ni bidhaa kama unga.

Kwa hivyo madai yangu ni manne tu. Alama za kila jaji zionekane kwa jina lake usiku huo huo. Hesabu ya kura itolewe baada ya fainali, ikiwa na sahihi ya mkaguzi wa nje. Mtu mmoja asiruhusiwe kununua kura bila kikomo. Na kwenye skrini iandikwe kwamba majaji hawakuwasikiliza wote waliopanga foleni, na waliochuja wajulikane.

Kwa nini nalichukulia hili kwa uzito, na ni kuimba na kucheza tu? Kwa sababu kwa vijana wengi wa huku, hii ni mojawapo ya milango michache ya kuomoka isiyodai cheti. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani, najua milango iliyobaki ni mingapi. Yule rafiki yangu wa Nkubu hajaimba tena mbele ya watu. Ukimuuliza, anasema mambo ya runinga yamepangwa. Labda alionewa. Labda siku hiyo sauti haikuwa fiti na alihitaji miezi sita ya mazoezi. Hajui, na hatajua, kwa sababu hakuna aliyempa karatasi. Aliyeonewa anastahili kujua ameonewa ili adai haki. Aliyeshindwa kihalali anastahili kujua ameshindwa ili arudi akajinoe.

"Imepangwa" inawanyima wote wawili. Inamfariji mvivu na kumkatisha tamaa mwenye bidii, na inamwacha mdanganyifu wa kweli, kama yuko, akilala usingizi mnono, maana amezoea kuitwa mwizi na watu wasio na ushahidi.

Msimu ujao ukianza, na utaanza tu, kabla hujatuma SMS ya kwanza andika chini ya ukurasa wa hicho kipindi swali moja: hesabu ya kura itatolewa lini, na nani ataikagua? Tukiwa elfu moja tunaouliza, watajibu. Wakikataa kujibu, weka kredo yako, mpigie nyanya simu.