Chumba ndicho kiamue ukubwa wa wufa, si mfuko

Wanaoenda kununua wufa Busia au Malaba huuliza maswali mengi. Ina wati ngapi? Inashika Bluetooth? Inasoma fleshi? Besi yake inatikisa dirisha ama ni kelele tu? Wakishaelewana bei, mzigo unafungwa nyuma ya bodaboda hadi Amukura, na ni pale mlangoni ndipo swali la maana linapoulizwa: sasa hii tutaiweka wapi?

Jibu huwa ni "popote." Chumba ni kimoja, futi kumi kwa kumi. Tayari kuna kitanda, pazia la kugawanya chumba, meza ya TV, mtungi wa gesi, madumu ya maji na rundo la viatu. Kwa hivyo wufa inasukumwa konani, mgongo umebana ukuta. Dekoda inapanda juu yake. Kisha kitambaa cha kufuma kinatandikwa juu ya vyote ndipo keja ipendeze.

Mimi nasema hivi: chumba ndicho kinachofaa kuamua ukubwa wa wufa. Kama chumba chako hakina pa kuipa hewa, hiyo mashine ni kubwa kwako hata kama pesa unazo. Na kwa sababu wengi wetu tunaishi kwenye ploti, ukuta kwa ukuta, hili ni jambo la majirani pia.

Tuanze na joto, maana wengi hudhani wufa ikipata moto ni ishara kwamba "inafanya kazi." Amplifaya huchukua stima kutoka kwenye soketi na kuigeuza kuwa nguvu ya kusukuma spika. Ila si stima yote inayofika kwenye spika. Amplifaya za aina ya kawaida, zile mafundi huziita klasi AB, hata kwa hesabu ya vitabuni hazivuki asilimia 78.5. Kwa matumizi ya kila siku, karibu nusu ya stima inayoingia inaweza kugeuka joto, na ukipiga muziki kwa sauti ya chini sehemu inayopotea huwa kubwa hata zaidi. Klasi D, aina iliyoenea siku hizi, hupoteza kidogo tu, karibu asilimia 10 ikifanya kazi kwa nguvu. Ndiyo maana huwa nyepesi na haichomi mkono.

Wufa nyingi tunazonunua zina amplifaya ndani ya boksi lenyewe la mbao. Geuza yako uone nyuma. Kuna bamba la chuma, na mara nyingi lina mapezi mapezi kama ya injini ya pikipiki. Kazi yake ni ile ile: kutoa joto lipeperuke hewani. Injini ya bodaboda hupozwa na upepo wa barabarani. Wufa yako haiendi popote, kwa hivyo hutegemea hewa ya moto kupanda juu na hewa baridi kuingia chini. Ukibana mgongo wake ukutani, umezuia njia zote mbili.

Ongeza hapo hali ya hewa yetu. Mchana wa Teso Kusini joto hufika digrii 30 bila taabu, na chini ya mabati yasiyo na dari huwa zaidi. Mashine inaanza kazi ikiwa tayari ina joto. Ndani yake kuna kapasita, yale makopo madogo ya duara yanayohifadhi chaji. Kipimo ambacho mafundi wa elektroniki wanakitumia dunia nzima ni kwamba kila joto likipanda kwa digrii 10, maisha ya kapasita hizo hupungua kwa nusu. Kwa hivyo wufa ambayo ingekaa miaka sita ikiwa na hewa nzuri inaweza kukuaga baada ya mitatu. Halafu unamlaumu muuzaji ati alikupa feki.

Kuna ishara nyingi watu huzipuuza. Wufa inapiga vizuri nusu saa, halafu inanyamaza yenyewe. Unaizima, unangoja kidogo, inarudi. Wengi huipiga kofi kidogo na kuendelea. Chipu nyingi za amplifaya zimetengenezwa zijizime zikipata joto kupita kiasi, ili zisiungue. Wufa ikinyamaza hivyo inakuomba hewa. Kuiwasha tena pale pale, bila kuisogeza, ni kama kumwinua mtu aliyezirai juani na kumwambia aendelee kulima.

Usidanganywe na kibandiko cha mbele pia. Utaona kimeandikwa wati 10,000 PMPO. Soketi ya ukutani hapa kwetu, sawa na ya majirani zetu wa Uganda, ni ya ampia 13 kwa volti 240. Zidisha: wati 3,120, basi. Hakuna wufa ya kuchomeka hapo inayoweza kutoa wati 10,000 mfululizo. Nambari ya kuaminika iko nyuma, kwenye kibandiko kidogo kinachoonyesha inakula wati ngapi. Usishangae ukikuta ni 60 au 100. Na kwa chumba cha futi kumi kwa kumi, wati 20 za kweli zinatosha kabisa kumfanya keateka aje kugonga mlango. Hizo zingine unalipia kibandiko, nafasi na joto.

Sitaki kumtia mtu hofu ya bure. Mara nyingi wufa iliyokosa hewa hufa kimya kimya, bila moto. Moto huja joto hilo linapokutana na makosa mengine, na chumba kimoja ndicho mahali ambapo makosa hukutana. Kuna kitambaa juu. Kuna shuka lililopigiliwa ukutani kuficha matope. Kuna fyuzi iliyoungua ikabadilishwa kwa waya, au kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kuna ekstensheni moja inayobeba kila kitu. Piga hesabu hapa pia: birika la umeme la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 ni wati 3,200. Tayari umepita uwezo wa soketi hata kabla ya kuwasha muziki.

Sasa kumbuka jinsi ploti zetu zilivyojengwa. Safu moja ya vyumba, paa moja la mabati, na kwenye nyingi ukuta wa kugawanya vyumba haufiki juu. Unamsikia jirani akikoroga chai. Moshi nao hupita hapo hapo juu ya ukuta. Jirani yako ana mtoto mchanga, au ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alupe aliyelala baada ya kusoma usiku kucha. Hao hawakuchagua mahali pa wufa yako.

Kwa hivyo tufanye nini? Kuna mambo ambayo hayahitaji pesa.

Pima kwa mkono. Acha shibiri moja nyuma ya mashine na shibiri moja juu yake, yaani upana wa mkono uliotanuliwa kutoka kidole gumba hadi kile kidogo. Pembeni acha angalau upana wa kiganja. Vitabu vya maelekezo vya amplifaya kubwa huomba kati ya sentimita 10 na 30, kwa hivyo shibiri iko pazuri.

Inua kutoka chini. Matofali manne au vipande vinne vya mbao vinatosha. Mashine yenye matundu chini ikikaa juu ya kapeti, au mbaya zaidi juu ya godoro, imezibwa pua. Ukiinua pia unaiepusha na maji ya kupiga deki na mvua inayoingia chini ya mlango.

Kama vitu lazima vipandane, amplifaya iwe juu kabisa. Hewa ya moto hupanda, kwa hivyo ukiiweka chini ya dekoda unazipika zote mbili. Na usiifungie ndani ya kabati lenye kioo mbele. Ikilazimu, toa ubao wa nyuma wa hilo kabati. Hakuna mgeni anayekuja kuangalia nyuma ya kabati.

Isikae nyuma ya pazia wala karibu na mtungi wa gesi.

Kitambaa toa. Najua hapa kuna siasa. Mama akija kutembea atauliza mbona nyumba iko uchi. Mwambie kwa heshima, "Mama, hiki nimekiweka kwenye kochi, hii mashine inapumua kwa juu." Kitambaa chake kitakaa vizuri kwenye meza, na wufa itaishi.

Baada ya saa moja ya muziki, gusa bamba la nyuma kwa nje ya mkono. Vuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuuacha mkono hapo kwa hesabu ya tano, ni moto mno. Zima, sogeza, punguza besi.

Usiongeze spika ovyo. Wapo wanaochukua spika za redio nzee, wanazitia kwenye mtungi au ndoo ili besi iwe nzito, halafu wanaziunga kwenye waya zile zile. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa mzigo wa omu 4. Amplifaya inalazimika kusukuma umeme mara mbili, na joto linapanda.

Na kama chumba ni kidogo kweli, mwone fundi akuwekee kifeni cha kompyuta iliyokufa, kile cha volti 12. Kikae upande wa juu kikivuta hewa ya moto nje. Mwambie pia apulize vumbi na mende, kwa sababu mende hupenda kulala pale penye joto. Wewe mwenyewe usifungue. Kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya.

Hata hivyo, lawama zote zisiishie kwa mpangaji. Anayejenga vyumba kumi na kuweka soketi moja kwa kila chumba, tena nyuma ya mlango, amekwisha kuamua kwamba ekstensheni itatambaa chini ya kitanda na wufa itabanwa pale waya inapofika. Kuweka soketi ya pili wakati wa kujenga ni gharama ndogo kuliko kupiga rangi upya. Kazi ya kuweka nyaya inafaa kufanywa na fundi mwenye leseni ya EPRA, na mpangaji ana haki ya kuuliza kabla hajalipa deposi: nani aliweka nyaya hizi? Soketi ziko ngapi? Tunauliza kuhusu maji na choo. Tuanze kuuliza na hili.

Najua kuna atakayesema, "Yangu iko konani mwaka wa nne na haijawahi kuungua." Sawa. Lakini nyaya huzeeka, vumbi hujaa, na mwaka wa nne si kama wa kwanza. Mwingine atasema tunawanyima vijana raha. Hapana. Muziki ni wetu, wikendi ni yetu. Hata sauti yenyewe huwa bora wufa ikisogezwa kidogo kutoka konani, kwa sababu kona huongeza besi hadi inavuruga maneno ya wimbo.

Ukienda dukani wiki ijayo, beba kipimo cha chumba kwenye simu yako kabla ya kubeba pesa. Toa shibiri ya nyuma, shibiri ya juu na viganja viwili vya pembeni. Nafasi itakayobaki ndiyo saizi ya wufa yako. Muuzaji akikuonyesha kubwa zaidi kwa bei nzuri, mwambie asante, utarudi ukihamia bedsita.