Mdaiwa Afuatwe Kwao: Mahakama za Ulaya na Mnyonge wa Mbali

Sheria ya kimataifa binafsi ni tawi la sheria ambalo wengi hulisikia jina wasijue linahusu nini. Halishughuliki na vita wala mipaka ya mataifa. Linashughulika na watu ambao mambo yao yamevuka mipaka: aliyeoa ng'ambo akaachana na mwenziwe nyumbani, aliyenunua bidhaa kwa muuzaji asiyemjua wa nchi nyingine, aliyeumia katika shamba ambalo mwenyewe yuko London. Kila shauri la aina hiyo huzua maswali matatu. Ni mahakama ya nchi gani yenye mamlaka ya kulisikiliza? Ikilisikiliza, itatumia sheria ya nchi gani? Na hukumu ikishatolewa, itatambuliwa wapi? Maswali haya huonekana makavu, mambo ya makarani na mihuri. Hata hivyo, katika jibu la swali la kwanza peke yake ndimo ilimofichika hatima ya wachuma chai wa Kericho na wanakijiji wa Zambia waliodai kuwa maji ya mto wao yalitiwa sumu.

Jibu la Ulaya kwa swali hilo ni la kale, nalo linatokana na Warumi: anayedai na amfuate anayedaiwa kwao. Mataifa sita yaliyoanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya yaliiandika kanuni hiyo katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1968. Baadaye iligeuzwa kuwa Kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 44 ya mwaka 2001, kisha ikaandikwa upya katika Kanuni nambari 1215 ya mwaka 2012, ambayo ndiyo inayotumika hadi sasa. Mwenye makao katika nchi mwanachama hushtakiwa katika nchi hiyo, awe raia wake au asiwe.

Waingereza walipojiunga na mpango huu walikuja na desturi yao. Kwao, jaji aliweza kusema: ni kweli mamlaka ninayo, lakini mahakama ya nchi nyingine inafaa zaidi, kwa hiyo shauri na lipelekwe huko. Desturi hii ilizaliwa Uskoti, na mwaka 1986 Baraza la Malodi liliiwekea vigezo katika kesi ya meli iliyoitwa Spiliada. Tuiite kanuni ya mahakama ifaayo. Kwa juujuu ni kanuni ya busara tupu. Nani asingependa kesi isikilizwe pale palipo na mashahidi na ushahidi? Tatizo lake ni kwamba kampuni kubwa ziligundua kuwa kesi ikishaondolewa London, aghalabu hufia njiani.

Ushahidi wa jambo hili haukukawia. Wafanyakazi wa Afrika Kusini waliougua kutokana na vumbi la asbesto waliishtaki kampuni ya Cape mjini London, na miaka ikaliwa na ubishi wa mahali pa kusikilizia kabla ugonjwa wenyewe haujazungumzwa. Baraza la Malodi lilikata shauri mwaka 2000 kwamba kesi ibaki Uingereza, kwa kuwa Afrika Kusini wadai wasingepata mawakili wa kuwatetea. Walikuwa zaidi ya 3,000. Baadhi yao walikufa wakisubiri kuambiwa waende mahakama ipi.

Kisha ikaja kesi ya Owusu. Mwingereza mmoja alikwenda likizoni Jamaica mwaka 1997, akajitosa baharini, akagonga kichwa kwenye fungu la mchanga, akapooza mwili. Alimshtaki nchini Uingereza yule aliyemkodisha nyumba ya likizo, naye pia alikuwa na makao huko, pamoja na kampuni kadhaa za Jamaica. Washtakiwa wakasema Jamaica ndiko kunakofaa. Swali lilipelekwa Luxembourg, katika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na tarehe 1 Machi 2005 jibu likatoka bila kumung'unya maneno: mdaiwa akiwa na makao katika nchi mwanachama, mahakama ya nchi hiyo haina ruhusa ya kulikataa shauri kwa hoja kwamba nchi ya nje ya Ulaya inafaa zaidi. Sababu iliyotolewa ni uhakika wa sheria. Mtu ajue mapema atashtakiwa wapi.

Majaji wale hawakuwa wakimfikiria mwanakijiji wa Afrika. Walikuwa wakifikiria soko, wafanyabiashara na mikataba yao. Lakini kanuni iliyotungwa kwa ajili ya starehe ya mfanyabiashara wa Ulaya ilimfungulia mlango mtu ambaye hakuna aliyemtaja katika chumba kile. Tangu siku hiyo kampuni mama yenye makao London haikuweza tena kumwambia mdai wa Afrika arudi kwao. Wanaosifu au kulaumu kesi za haki za binadamu dhidi ya makampuni aghalabu husahau kuwa chanzo chake kimojawapo ni ajali ya likizoni.

Mlango huo ndio walioupitia watu 1,826 wa eneo la Chingola nchini Zambia. Walidai kuwa taka za mgodi wa shaba wa Nchanga zilichafua maji na mashamba yao, wakaishtaki kampuni tanzu ya Konkola pamoja na kampuni mama, Vedanta, iliyokuwa na makao Uingereza. Mnamo Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi iendelee London. Ilikubali kwamba Zambia ndiyo mahali pa asili pa shauri lile, ila ikaona kuwa huko haki isingepatikana kwa vitendo: wadai ni maskini, msaada wa serikali wa kulipia mawakili haupo, na sheria ya Zambia haimruhusu wakili kukubali kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Mwaka 2021 wahusika waliafikiana nje ya mahakama, kampuni zisikiri kosa.

Mwaka huohuo wa 2021, mwezi Februari, jamii za Ogale na Bille za delta ya mto Niger ziliruhusiwa na mahakama hiyohiyo kuendelea na kesi dhidi ya Shell. Majaji walionya kwamba hatua ya kuamua mamlaka isigeuzwe kuwa kesi ndogo ndani ya kesi, kwa sababu nyaraka zinazoonyesha nani hasa alikuwa akiamua zimo ndani ya makabati ya kampuni, na mdai bado hajaziona.

Onyo hilo, kwa Kericho, lilichelewa. Wafanyakazi na wakazi wa mashamba ya chai ya Unilever walishambuliwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Walikwenda London wakidai kuwa kampuni mama na kampuni tanzu ya Kenya hazikuwalinda dhidi ya hatari iliyotabirika. Mahakama Kuu iliwakatalia mwaka 2017, na Mahakama ya Rufaa ikathibitisha Julai 2018, ikisema hakukuwa na ushahidi wa kutosha kuwa kampuni mama ndiyo iliyosimamia mipango ya usalama huko Kenya. Nani alikuwa na nyaraka za kuonyesha usimamizi huo? Ni yuleyule aliyekuwa akidaiwa. Miezi tisa baadaye hukumu ya Vedanta ilitoka na kulegeza mtazamo kuhusu wajibu wa kampuni mama. Haiwezekani kusema kwa yakini kwamba watu wa Kericho wangeshinda wangalikuja nyuma ya Wazambia. Inawezekana kusema kwamba wangalisikilizwa kwa sikio jingine.

Leo Uingereza si mwanachama tena. Muda wa mpito wa kujitoa katika Umoja wa Ulaya ulikwisha tarehe 31 Desemba 2020, na pamoja nao ikaondoka nguvu ya hukumu ya Owusu katika kesi zilizofunguliwa baadaye. Kanuni ya mahakama ifaayo imerudi kwenye kiti chake. Matokeo yalionekana upesi. Wafanyakazi kutoka Nepal na Bangladesh waliodai kutumikishwa kwa nguvu katika kiwanda cha Malaysia kilichotengeneza vipuri vya Dyson waliambiwa na Mahakama Kuu ya London, Oktoba 2023, waende Malaysia. Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo Desemba 2024, ikizingatia kwamba washtakiwa wakuu ni kampuni za Uingereza na kwamba wadai wangepata shida ya kujigharimia Malaysia. Walishinda, naam, lakini ushindi wenyewe ulikuwa wa kuruhusiwa kuanza.

Uskoti, wachuma chai wa Kenya hawakubahatika hivyo. Walikuwa wamedai huko Edinburgh kwamba kazi katika mashamba ya James Finlay Kenya, kampuni iliyoandikishwa Aberdeen, iliwaumiza migongo. Mwaka 2023 majaji wa rufaa walikubali kuwa mahakama yao ina mamlaka, ila wakaisimamisha kesi ili wadai wafuate kwanza utaratibu wa fidia wa Kenya chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Hawakuitupa kesi. Lakini kwa mtu mwenye mgongo mbovu, tofauti kati ya kusimamishiwa na kutupiwa hupimwa kwa miaka.

Wapo watakaosema kuwa majaji wa Uskoti waliiheshimu Kenya, na kwamba kuwakimbiza wadai Ulaya ni kuzidharau mahakama zetu. Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa na wale waliosoma historia ya ukoloni. Kwa nini jaji wa London apime kama haki inapatikana Lusaka au Nairobi? Lakini dharau hiyo imo ndani ya kanuni ya mahakama ifaayo yenyewe, maana ndiyo inayomlazimisha mdai kusimama mbele ya wageni na kuthibitisha kuwa kwao hakuna haki. Kanuni ya makao haimtaki aseme lolote baya kuhusu nchi yake. Inamuuliza jambo moja tu: anayedaiwa anaishi wapi? Kwa hiyo anayejali heshima ya mahakama za Afrika angepaswa kuisikitikia hukumu ya Owusu, badala ya kushangilia kuondoka kwake.

Tena, mlango wa Luxembourg haukumaliza kazi, kwa kuwa lipo lile swali la pili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iitwayo Roma II, inayotumika tangu Januari 2009 na ambayo Uingereza imebaki nayo hata baada ya kujitoa, husema kwa kawaida kwamba sheria itakayotumika ni ya nchi ambako madhara yametokea. Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliteketea Karachi, watu zaidi ya 250 wakafa. Mnunuzi mkuu wa nguo zake alikuwa kampuni ya Kijerumani, KiK. Mmoja wa majeruhi na jamaa za waliokufa walifungua kesi Dortmund mwaka 2015, na mamlaka ya mahakama hayakuwa tatizo. Januari 2019 waliambiwa kuwa kwa sheria ya Pakistan muda wa kushtaki ulikuwa umekwisha. Waliingia mlangoni wakakuta chumba hakina kiti. Si kwamba sheria ya nyumbani humponza mdai daima: mahakama ya rufaa ya Hague, mwezi Januari 2021, ilitumia sheria ya Nijeria yenyewe kuihukumu kampuni tanzu ya Shell kwa mafuta yaliyomwagika katika vijiji vya Oruma na Goi.

Umoja wa Ulaya ulionekana kulielewa tatizo hili. Agizo la mwaka 2024 kuhusu wajibu wa makampuni kuchunguza madhara katika mnyororo wao wa ugavi liliweka dhima ya pamoja ya kulipa fidia, na likazitaka nchi wanachama zihakikishe kuwa dhima hiyo inatumika hata pale sheria ya kigeni ndiyo inayotawala shauri. Kwa wafuatiliaji wa taaluma hii, hiyo ilikuwa hatua kubwa kuliko kelele zote za kisiasa zilizolizunguka agizo. Haikudumu. Desemba 2025 Bunge na Baraza la Umoja huo walikubaliana kulipunguza: kampuni zitakazoguswa ni zile zenye wafanyakazi zaidi ya 5,000 na mapato ya zaidi ya yuro bilioni 1.5, na ile dhima ya pamoja ikafutwa. Kila nchi iamue kivyake. Hoja iliyotolewa ni ushindani wa kibiashara.

Ikiwa Ulaya inafungua na kufunga kulingana na upepo wa soko lake, basi yapo yaliyo mikononi mwa Kenya. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, hubatilisha mapatano ya wakili kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Ni katazo la aina ileile iliyowafanya majaji wa London waione Zambia kuwa mahali pasipofikika haki. Lilikusudiwa kuwazuia mawakili wasizifanye kesi za wateja kuwa biashara yao wenyewe, na hofu hiyo si ya kipuuzi. Uingereza yenyewe, tulikorithi katazo hilo, ilikwisha kulilegeza. Bunge la Nairobi laweza kufanya vivyo hivyo, kwa kuweka kiwango ambacho ujira wa wakili hautakivuka na kumpa jaji uwezo wa kuukagua. Mkono mtupu haulambwi, na msaada wa serikali ulioahidiwa na sheria ya mwaka 2016 hauwezi kubeba kesi za mamia ya watu dhidi ya kampuni yenye mawakili wa kudumu. Kifungu hicho kisipoguswa, wakili wa Kericho anayemhurumia mchuma chai atalazimika ama kumtoza asichokuwa nacho, ama kumfanyia kazi bure kwa miaka kumi, ama kumtafutia mwenzake wa London.